Waya wa Breki na Uzi wa Mvuvi

Ukimuuliza mpiga gita yeyote wa Nairobi kwa nini rekodi za kina George Mukabi na Mwenda Jean Bosco zinasikika vile, atainua mkono wa kulia akuonyeshe vidole viwili: gumba na cha shahada. Ni kweli. Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba, na mtu mmoja anasikika kama watatu. Lakini kwa miezi minne sasa nimekuwa nikibadilisha nyuzi kwenye gita moja, ndani ya keja yangu huku Pipeline, na naona jibu hilo ni nusu tu. Nusu nyingine ni uzi wenyewe: uliundwa kwa kazi gani, ulitoka wapi, na nani aliweza kuununua.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushuka hapa: Pipeline iko Embakasi, ng'ambo ya Outering, na maghorofa yake yamebanana kiasi kwamba wa ghorofa ya tano anaweza kumwazima chumvi jirani wa ploti nyingine kupitia dirishani. Chini, mchana tunawasha taa. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, na ukuta ni kama pazia. Gita likilia kwangu, linalia kwa wote wa ngazi hii. Kwa hiyo majaribio yangu yalipata majaji hata kabla sijawatafuta.

Gita lenyewe ni la mtumba, la mbao za kubandikwa, na daraja lake ni la pini, yaani liliundwa kubeba nyuzi za chuma. Jambo hili si dogo. Seti ya chuma ya unene wa kawaida, ile tunayoiita "12" kwa sababu uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.012, huvuta shingo na daraja kwa jumla ya karibu kilo 70. Seti ya nailoni huvuta karibu kilo 40. Ukifunga chuma kwenye gita la nailoni, umelibebesha kilo 30 za ziada, na siku moja utasikia daraja limebanduka kama mlango uliopigwa teke. Kufunga nailoni kwenye gita la chuma hakuna madhara. Linanong'ona tu.

Basi nilianza na mnong'ono huo.

Nailoni ni mtoto wa vita. Kabla yake, magita ya Ulaya yalifungwa utumbo wa kondoo, uliokaushwa na kusokotwa. Vita Kuu ya Pili ilipofika, utumbo uleule ulihitajika hospitalini kwa kushona majeraha, na wapiga gita wakakosa nyuzi. Huko New York fundi aliyeitwa Albert Augustine akajaribu nailoni, malighafi ambayo kampuni ya DuPont ilikuwa imeitangaza mwaka 1938. Mpiga gita maarufu wa Hispania, Andrés Segovia, akaipenda, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 seti za nailoni zilikuwa sokoni. Leo hakuna gita la klasiki linalouzwa Nairobi bila hizo.

Vita hivyohivyo viliwapeleka vijana wetu Burma. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya mwaka 1924, alikwenda Asia na kikosi cha kuwaburudisha askari wa King's African Rifles. Aliporudi alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gita la umeme. Kwa hiyo vita vilivyoleta nailoni kwa Segovia vilituletea sisi wanamuziki waliokwisha kuona dunia na kujua gita linaweza kufanya nini.

Kwenye gita langu nailoni ilipendwa na mama wa mlango wa pili, ambaye mtoto wake alilala mapema wiki nzima. Mimi haikunifaa. Nilipojaribu ule mtindo wa Waluhya unaoitwa omutibo, gumba na kidole cha shahada vilianza kuongea kwa sauti moja. Omutibo unataka besi na wimbo visimame mbalimbali, kama watu wawili wanaobishana ndani ya matatu. Nailoni iliwapatanisha.

Lakini nailoni ina historia nyingine hapa kwetu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niendelee. Kuanzia miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia Ziwa Victoria na kuchukua nafasi ya nyavu za zamani. Pamoja na nyavu, ulijaa uzi wa kuvulia samaki. Nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, zamani kilifungwa kano za ng'ombe. Leo angalia nyatiti yoyote, iwe ya mzee kijijini au ya msanii jukwaani: nyuzi zake ni za mvuvi. Marehemu Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliupeleka ulimwenguni wimbo wake "Kothbiro", ukasikika hata kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005, na watu waliita sauti ile ya kale. Chombo ni cha kale kweli. Ila nyatiti za zama zetu zinaimba kwa plastiki ya kiwandani.

Sisemi hivyo kwa dharau. Nasema kwa sababu sisi vijana wa mjini tunapenda sana kuuliza kipi ni halisi, na mara nyingi tunaangalia umbo la chombo na kusahau kinachotoa sauti.

Jaribio la pili lilianzia kwa fundi wa baiskeli anayefanya kazi chini ya mwavuli, upande wa kuelekea Tassia. Nilimwomba kebo kuukuu ya breki, akanipa kwa shilingi 20 na kuniuliza kama baiskeli yangu ni ya siri. Katika sehemu nyingi za Afrika, kuanzia Malawi na Zambia hadi Kongo, vijana wasio na pesa walijitengenezea magita kwa mbao na madebe na kuyafunga waya uliochambuliwa kutoka kebo za breki. Nilikuwa nimesoma habari hizo mara nyingi. Sikuwahi kumwona mtu akipima.

Nilichambua kebo kwa koleo. Ndani mlikuwa na nyuzi 19 zilizosokotwa pamoja, na kebo nzima ina unene wa karibu milimita 1.6. Nyuzi 19 zikijipanga kwa duara, tano hukaa kwenye kipenyo, kwa hiyo kila mmoja una unene wa zaidi kidogo ya milimita 0.3. Sasa rudi kwenye ile seti ya "12". Inchi 0.012 ni milimita 0.3. Yaani kijana wa Katanga au Malawi aliyechambua breki ya baiskeli ya baba yake alikuwa ameshika uzi wa kwanza wa gita, karibu kipimo kilekile ambacho duka la jijini linakuuzia leo ndani ya pakiti ya rangi. Baiskeli ilikuwa duka la muziki.

Tofauti iko kwenye unyoofu. Waya wa breki ukifunguliwa unabaki na mawimbi ya msokoto, na uzi usio sawa mahali pote hautoi noti safi. Ukibonyeza katikati ya shingo, noti inakuwa juu kidogo au chini kidogo ya pale sikio lilipoitarajia. Nilipojaribu kuupandisha hadi E, ulikatika na kunichapa kidoleni. Wa pili niliuacha chini kwa noti nzima, kwenye D. Ukakaa.

Sauti yake ni kali, ya bati, na inakufa haraka. Sikuitarajia inipendeze. Lakini watoto wa ngazi walikuja kukaa mlangoni, na mama mboga wa chini akasema kwa sauti, bila kuulizwa, "Hiyo sasa ndiyo ya redio ya kitambo." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Kitambo hicho tunaweza kukitaja kwa miaka. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka na mitambo yake kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta kijana akipiga gita huko Jadotville, mji wa migodi wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco. Kipande chake "Masanga" kilifika mbali sana na Katanga, na kwa kuwa Mwenda aliimba kwa Kiswahili, Nairobi haikuhitaji mkalimani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja hapa akapiga redioni kutangaza dawa ya Aspro. Edouard Masengo, Mkatanga mwenzake, naye alikuja Nairobi kuitangazia Coca-Cola. Vijana wa Magharibi mwa Kenya waliokuwa wakifanya kazi mjini waliwasikia, wakaenda nao nyumbani kimasikio, wakachanganya na midundo ya ngoma za isukuti. Ndipo tunampata George Mukabi na "Sengula Nakupenda", na mwenzake akigonga chupa ya Fanta kando.

Magita waliyopiga watu wa kizazi hicho mara nyingi yalikuwa ya bei ya chini. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliunda magita huko Durban yaliyosambaa kusini na kati mwa Afrika kwa jina la Gallotone. Moja lilivuka bahari: mwaka 1957, kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon alipata Gallotone Champion kwa njia ya posta, na ndani yake mlikuwa na kibandiko cha kuahidi kwamba halitapasuka. Ndiyo, Beatles walianzia kwenye gita rahisi la chuma lililoundwa Afrika, ndugu wa yale yaliyokuwa yakining'inia kwenye maduka ya miji ya migodi. Lennon alipopata pesa alinunua lingine. Wengi wa kwetu walibaki na lilelile, na wakaligeuza kuwa mtindo.

Jaribio la tatu lilikuwa la dukani. Ukienda katikati ya jiji kuuliza nyuzi za gita kavu utaonyeshwa aina mbili. Ya kwanza huitwa 80/20: uzi mnene umezungushiwa waya wa shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Inang'aa kama sufuria mpya, na baada ya wiki mbili za jasho la mikono inafifia. Ya pili ni ya bronzi ya fosforasi: shaba, stani kidogo, na chembe za fosforasi za kuzuia kutu. Muuzaji atakushauri uchukue hii ya pili, kwa sababu "ina joto" na inadumu. Nilinunua zote mbili, na kweli ya pili ni tamu. Ukiirekodi kwa simu inatoka kama tangazo la benki.

Shida yake ni ya kihistoria. Bronzi ya fosforasi iliingia kwenye nyuzi za gita mwaka 1974, kupitia familia ya D'Addario huko Marekani. George Mukabi alifariki mwaka 1963. Kwa hiyo kila kijana anayerekodi upya nyimbo za enzi ile kwa seti hii, kisha akaandika chini ya video yake kwamba ni sauti asilia, anatumia uzi ambao Mukabi hakuwahi kuugusa. Tuwe wakweli pia kwamba sehemu ya sauti ile ni santuri zenyewe za mizunguko 78, zisizobeba noti za juu vizuri. Lakini nilipofunga 80/20 na kuziacha zichakae mwezi mzima bila kuzifuta, kisha nikapiga, besi ikawa fupi na nzito kama mtu anayegonga meza kwa kifundo, na kidole cha shahada kikapata nafasi yake juu. Gumba na kidole walianza tena kubishana. Ule mtindo wa vidole viwili unaeleweka zaidi ukiwa na nyuzi zilizochoka. Besi isiyodumu haifuniki wimbo. Ndiyo maana gumba linaweza kupiga kila pigo bila kuleta vurugu.

Hapo ndipo alipoingia mzee wa ghorofa ya chini.

Ni mtu wa Vihiga, mlinzi wa usiku aliyestaafu, na kwa mwaka mzima tulikuwa tukisalimiana tu kwenye foleni ya maji. Jioni moja alibisha na kusema, "Kijana wangu, hizo nyuzi zako umezichemsha?" Nikamwambia, "Hapana mzee, karibu ndani." Akakaa kitandani, kwa sababu kiti ni kimoja na kilikuwa na sufuria, akanieleza. Enzi zake, nyuzi zikiziba kwa uchafu walizitoa, wakazichemsha kwenye maji, wakazikausha na kuzirudisha. Uliokatika karibu na daraja walifunga fundo na kuendelea. Seti ilikuwa kitu cha kuanzisha maisha nayo, haikuwa kitu cha kubadilisha kila mwezi.

Nikampa gita. Akalishika, akaweka gumba mahali pake, akapiga mapigo manne, akaacha. Viungo vya vidole vyake vimevimba. Mkono wa kushoto haukuweza kuzibonyeza nyuzi za "12". Alinirudishia bila maneno mengi na kusema alipiga mara ya mwisho kabla mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa. Mjukuu huyo sasa yuko chuo.

Hesabu ya kumsaidia ni ya zamani. Mwaka 1636 kasisi Mfaransa, Marin Mersenne, aliandika kanuni za nyuzi: noti hutegemea urefu wa uzi, uzito wake na nguvu inayouvuta. Ukishusha gita zima kwa noti moja nzima, mvuto hupungua kwa karibu moja ya tano. Nikanunua seti nyembamba, ile ya "10", ambayo kwa kawaida huvuta karibu kilo 60, kisha nikaishusha noti nzima. Ikabaki chini ya kilo 50. Kutoka 70 hadi chini ya 50. Kisha mzee mwenyewe akaomba penseli na kipande cha mpira wa chubu ya baiskeli. Akailaza penseli juu ya shingo, kwenye chumba cha pili, akaikaza kwa mpira, na noti zikarudi pale zilipopaswa kuwa, huku nyuzi zikiwa laini. Nilikuwa nikidhani kapo ya penseli ilikuwa njia ya maskini tu ya kubadilisha ufunguo. Kwa mikono ile ilikuwa pia njia ya kupumzisha vidole.

Alipiga. Hakupiga sana, labda dakika kumi, akaunguza noti kadhaa na kucheka. Ngazi ilinyamaza, jambo ambalo halitokei Pipeline hata stima ikipotea. Tangu hapo huja Jumapili alasiri, na amenifundisha nyimbo mbili ambazo sijazipata popote mtandaoni. Ya tatu bado. Desemba anarudi kijijini kabisa, kwa hiyo simu yangu inarekodi kila kitu, pamoja na honi za matatu na vijiko vya majirani.

Kuna maelezo ambayo yamezoeleka kuhusu muziki huu. Husemwa kwamba gita kavu lilikufa kwa sababu umeme ulikuja, na hiyo ni kweli kwa sehemu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 studio kama Equator zilikuwa na bendi nzima za umeme, na kufikia mwisho wa muongo huo benga ilikuwa imeanza kushika nchi. D.O. Misiani na wenzake waliichukua mipigo ya nyatiti na kuiweka kwenye gita la umeme. Gita hilo haliwezi kutumia nailoni hata kidogo, kwa sababu sumaku zake husikia chuma tu. Hebu tazama mzunguko huo. Nyatiti iliacha kano ikahamia kwenye nailoni ya mvuvi, na mipigo yake ikahamia kwenye chuma cha gita. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Kila mmoja alifunga alichopata, akasikiliza, akapiga kulingana na alichosikia.

Maelezo ya pili ni kwamba lilikufa kwa sababu wazee walikufa. Hayo ndiyo ninayoyapinga. Mwenda alifariki mwaka 1990, Konde mwaka 2000, ni kweli. Lakini katika maploti haya ya Eastlands kuna watu walioacha kupiga wakiwa hai, kwa sababu vidole viliuma, nyuzi zikakatika, na mia saba ya seti mpya ilikuwa kodi ya maji. Muziki wao haujafa. Umening'inizwa ukutani, au uliuzwa na gita lenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaenda kutafuta muziki wa asili kwenye hifadhi za ng'ambo, shuka ngazi zako uulize nani aliwahi kupiga. Beba seti ya "10", ishushe noti nzima, na usisahau penseli. Ukikosa pesa ya seti, fundi wa baiskeli hayuko mbali.